Nukta Chini ya Bodi

"Hapana," Nirapada aliiambia kompyuta, kwa sauti ya mtu anayemzuia mgonjwa asishuke kitandani. Kioo kilikuwa kimeandika maneno yale yale meupe: kidhibiti cha diski kina hitilafu. Akazima. Akangoja feni itulie, akawasha tena. Maneno yakarudi.

Alikwisha kubadilisha waya wa data. Alikwisha kubadilisha waya wa umeme, akaihamishia diski kwenye tundu jingine, akatia betri mpya kwenye bodi kuu. Mwishowe aliichomoa diski yenyewe akaipachika kwenye kompyuta kuukuu ya dukani, ile isiyokataa kitu, na hitilafu ikahama nayo. Kwa fundi hiyo ni nusu ya jibu. Nyumba haina ugonjwa, mgonjwa ni mgeni.

Lakini mgeni huyu hakuwa mtu wa kuachwa afe. Ndani ya diski hiyo alikuwamo marehemu mama wa mteja wao Shefali, akiimba nyimbo za harusi ambazo wanawake walikuja nazo kutoka ng'ambo ya mpaka walipohama: za kumpaka bibi harusi manjano, za kumtania bwana harusi, za kumlilia binti anapotoka mlangoni. Shefali alimrekodi kwa kanda miaka mingi, kisha akazihamishia kanda zote kwenye kompyuta, na kanda zenyewe zikaliwa na ukungu kwa mvua za Kolkata. Hakuna aliyebaki anayezijua zote. Shefali mwenyewe anafundisha wasichana kuimba katika chumba chake cha mbele, na anakiri bila aibu kwamba nyingi anazikumbuka nusu.

Aliileta mashine wakati wa mvua kubwa, kwa sababu siku nyingine iliwaka na siku nyingine ilikataa. Kasoro ndogo hiyo. Mara nyingi ni uchafu tu kwenye vile viguso vya shaba vinavyoiunganisha diski na bodi yake, na dawa yake ni kifutio cha penseli cha mtoto wa shule. Bahati mbaya Nirapada alikuwa nyumbani na homa ya mbu, amelala anahesabu boriti za dari, na aliyeipokea alikuwa Bhabatosh.

Bhabatosh ni shemeji yake. Alikuja sokoni Chandni kijana asiyejua kushika bisibisi, Nirapada akamfundisha, akampa nafasi upande wa pili wa meza, na baadaye akampa dada yake Minati. Duka lao liko juu ya ngazi, upana wake ni wa kitanda kimoja, na watu wawili wasiopendana wasingeweza kukaa humo hata asubuhi moja. Wao walikaa miaka. Walijua kupokezana koleo bila kugeuka.

Nirapada aliporudi kazini, dhaifu bado, Bhabatosh alimwambia kwamba diski ya Shefali alikwisha kuifungua, akasafisha viguso, na haikusaidia. Ndiyo maana Nirapada hakuifungua tena. Neno la Bhabatosh kwake lilikuwa kama jicho lake mwenyewe. Alihangaika na nyaya, matundu, betri na kila kilichoizunguka diski ile, na bodi iliyo chini yake hakuigusa.

Siku hiyo ilikuwa mkesha wa sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, na mkesha huo kuna desturi: kitu kilichokufa hakilali dukani. Kila mwaka mafundi wa Chandni hutoa wafu wao wote nje, bodi zilizoungua, feni zilizokwama, nyaya zilizoliwa na panya, mungu akija kesho akute vilivyo hai tu. Asubuhi Nirapada alipanda kwenye kigoda akashusha rafu ya juu. Kulikuwa na kopo la biskuti, la Bhabatosh, zito kidogo. Alilitikisa, akamuuliza shemeji yake kama kuna kitu chake humo cha kuweka. Bhabatosh alikuwa amempa mgongo, anakunja waya.

"Takataka tupu, kaka," alisema. "Toa tu."

Akalitoa. Kalimuddin, mnunuzi wa vyuma chakavu, alilitia kwenye gunia na mengine, akateremka ngazi akiguna. Bhabatosh naye akatoka kwenda kuchukua sanamu na mashada ya maua. Ndipo Nirapada, akiwa peke yake na duka limekuwa safi hadi linatia upweke, alipoamua kuishambulia tena mashine ya Shefali kabla ya sikukuu, maana kesho bisibisi haishikwi kwa kazi.

Sasa alikuwa ameishiwa mbinu. Aliigeuza diski kifudifudi juu ya kitambaa. Skrubu zake ndogo, zenye vichwa vya nyota, zilitoka kwa urahisi mno, kama skrubu zilizokazwa na mtu mwenye haraka. Akainua bodi, akaigeuza upande wa ndani, ule unaolala kwenye sponji na usioonekana mpaka ufungue.

Kati ya miguu ya chipu kubwa kulikuwa na wekundu.

Kwanza alidhani ni kutu. Akavaa lenzi yake. Haikuwa kutu. Ilikuwa sinduri, ule unga mwekundu wa ibada, uliokandwa kwa mafuta ya haradali. Mtu alikuwa ameifuta nukta hiyo kwa spiriti, akaifuta vizuri, ila sinduri ikishaingia na mafuta katika nafasi nyembamba namna ile haitoki. Na nukta ile aliitia yeye. Kila sikukuu, baada ya kuhani kumaliza, Nirapada huchovya kidole gumba akatia nukta kwenye kila kifaa cha duka, kuanzia bisibisi hadi bodi za akiba zilizo kwenye droo, zile alizozipima na kuziona nzima. Bodi hii ilikuwa ya droo yake. Ilikuwa bodi ya duka, na ilikuwa imekaa chini ya diski ya Shefali.

Alisoma namba zilizochapwa pembeni yake, kisha za kwenye kibandiko cha diski. Zilifanana mpaka karibu na mwisho, kisha zikaachana.

Nirapada aliketi. Alijaribu, na alijaribu kwa moyo mweupe, kutafuta njia ambayo jambo hili lingeweza kutokea bila mkono wa mtu. Alimfikiria Shefali kupeleka diski kwa fundi mwingine. Fundi mwingine hana nukta zake. Alifikiria kwamba labda ni yeye mwenyewe, katika homa. Katika homa alikuwa hata chai hawezi kujimiminia. Droo ina funguo mbili, moja shingoni mwake na nyingine kiunoni mwa mume wa dada yake, na hapo ubishi ukaisha.

Kila diski huzaliwa na bodi yake. Juu ya bodi hiyo kuna chipu ndogo, punje ya mchele tu, iliyobeba siri za diski hiyo pekee: vichwa vyake visome vipi, sehemu zipi zina kovu. Ukiibadili bodi bila kuihamisha chipu, diski huzunguka bila kujijua. Bodi unaweza kununua nyingine. Chipu hainunuliki popote. Somo hili ndilo la kwanza alilompa Bhabatosh, na alilirudia mpaka kijana yule akawa analiimba kwa kejeli: bodi ni nguo, chipu ni roho.

Bhabatosh alipanda ngazi akiimba, mashada ya maua ya njano shingoni, sanamu kifuani.

"Kaka, mungu wa mwaka huu wamempa masharubu ya marehemu baba yenu," alisema. "Na tembo wake ana kengeza. Minati akimwona atacheka hadi aangushe sahani."

Nirapada alisukuma bodi mbele yake juu ya kitambaa.

"Hii ya nani?"

Bhabatosh aliweka sanamu chini taratibu, akachukua muda kuipanga isimame sawa. "Bodi za namna hii zote zinafanana, kaka."

"Usinifundishe nilichokufundisha. Ya nani?"

Chini barabarani wauza tiara walikuwa wakinadi mali yao, maana siku ya Vishwakarma Kolkata nzima hupanda mapaani kurusha tiara. Bhabatosh alivua mashada shingoni moja moja, na alipomaliza hakuwa na cha kushika, basi akasema.

Alieleza kwa sauti ya kawaida, na huo utulivu ndio uliomuumiza Nirapada zaidi. Wakati wa homa alikuja mteja, mtu mkubwa wa ofisi ya wauza ngozi nchi za nje, diski yake imeunguzwa bodi na umeme uliorudi kwa kishindo. Alitaka kazi siku ile ile na akaahidi kuwaletea kompyuta zote za ofisi. Bodi ya akiba ya droo haikukubali, namba zilipishana. Na pale rafuni ilikuwapo diski ya yule mama mzee, Shefali, namba zile zile kabisa, inamngoja fundi aliyelala kitandani. Aliazima bodi, ndivyo alivyosema, aliazima. Akatia ile ya droo mahali pake ili diski isikae uchi. Alidhani angepata nyingine sokoni kabla Nirapada hajapona. Alitafuta Chandni yote. Haikupatikana, na mtu wa ngozi hakurudi tena.

"Na chipu yake?" Nirapada aliuliza.

"Niliitoa vizuri, kwa hewa moto, kama ulivyonionyesha. Sikuiunguza. Nikaibandika kwenye utepe, nikaandika jina lake."

Nirapada alipumua. Hasira yake yote ilipisha kando kidogo, maana kumbe roho ipo. Bodi ya kuivika ingetafutwa, Mumbai, Delhi, popote. Mtu hungoja miezi, lakini hungoja kitu kilichopo. Karibu amshike mkono shemeji yake.

"Iko wapi?"

Macho ya Bhabatosh yalipanda rafu ya juu, pale palipokuwa peupe, kisha yakashuka haraka.

Nirapada naye akapatazama.

"Nilikuuliza," alisema. "Asubuhi hii. Nimelishika mkononi, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulisahau. Sema ulisahau, Bhabatosh."

Alikuwa anampa mlango. Uongo huo angeupokea, angeulea, angekufa nao. Angesema kijana alikuwa na haraka ya maua, na nani hajawahi kusahau. Bhabatosh aliutazama mlango ule, na pengine kwa mara ya kwanza tangu mvua alichoka kudanganya.

"Ningesema liweke, ungelifungua, kaka," alisema. "Ungeona jina lake."

Nirapada alivaa viatu vyake akateremka.

Kalimuddin anakaa nyuma ya reli, na magunia yake huyapokea na kuyapitisha siku hiyo hiyo. Kopo lilikuwapo. Mkewe alikuwa amelipenda, amelisugua, amelianika juani mlangoni, ndani linang'aa. Vilivyokuwamo Kalimuddin alivimwaga kwenye gunia, na magunia mengi yalikwisha kwenda kwenye yadi wanakochoma bodi kutafuta shaba. Aliuliza kitu chenyewe kina ukubwa gani. Nirapada alimwonyesha kwa kucha. Kalimuddin alikuwa mtu wa mzaha siku zote, lakini hapo hakucheka. Alimletea kigoda na beseni, akammwagia gunia moja lililobaki. Nirapada alipekua kipande kwa kipande, akageuza kila kijiutepe, mpaka vidole vikawa vyeusi na Kalimuddin akamwomba ale kitu. Alikula bajia ya biringanya bila kuionja. Chipu haikuwamo.

Nyumbani hakusema. Angesema nini? Minati alikuwa anaosha dengu za mseto wa kesho, anamsifu mumewe kwa kuchagua sanamu nzuri, anamwambia kaka yake amekonda, ale. Alikuwa na furaha ya mtu aliyewaweka wanaume wake wawili katika duka moja. Nirapada alimtazama mgongoni akaona kwamba akilifungua jambo hili, huyu ndiye litakayemwangukia kwanza. Akaenda kulala na njaa.

Asubuhi mbingu ilijaa tiara. Kuhani alipita kwa haraka, maana alikuwa na maduka ya ngazi nzima kuyamaliza, akanuiza, akapiga kengele, akaondoka anakimbia na ubani wake. Vifaa vilipangwa mbele ya sanamu juu ya kitambaa chekundu: koleo, bisibisi, mashine ya hewa moto, vya Nirapada na vya Bhabatosh vimechanganyika, kwa kuwa hawakuwahi kuvitenganisha. Na katikati yake Nirapada alikuwa ameiweka diski ya Shefali. Bhabatosh aliiona. Alikaa ukingoni, shati jipya, mikono mapajani, anatazama vifaa tu.

Shefali aliingia akihema kwa ngazi, na kasha la vitamutamu vya maziwa. Wateja wa zamani huja siku hii. Nirapada alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Angemwambia yote, mbele ya mungu na mbele ya Bhabatosh, na Minati angesikia, na liwe liwalo. Alisimama.

"Dada Shefali, ile diski yako..."

"Najua, mdogo wangu." Shefali alimshika bega, akamkalisha tena. "Usijitese siku ya sikukuu. Bhabatosh aliniambia wiki iliyopita nilipopiga simu. Kwamba tangu ile homa mikono inakutetemeka, ukateleza ukaiharibu, na unaona aibu kuniambia. Mimi mwenyewe uzi siutii tena kwenye sindano. Sina kinyongo na wewe, nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu."

Minati, mlangoni na sahani ya sinduri, alimtazama kaka yake kwa huruma. Ilikuwa huruma ya mtu aliyekwisha kuambiwa.

Wiki iliyopita. Nirapada alilirudia neno hilo ndani yake. Wiki iliyopita kopo lilikuwa bado rafuni. Chipu ilikuwa kwenye utepe wake, na jina juu yake, mkono mmoja tu kutoka kichwani pake alipokaa akibadilisha nyaya. Alimgeukia Bhabatosh. Bhabatosh hakuinua uso.

"Mama aliimba moja ya manjano," Shefali alikuwa akisema, macho kwenye diski, "inaanza na kisima. Juzi nilitaka kuwafundisha wasichana." Akaanza kuivuta kwa sauti ya chini, nyembamba, tamu bado, akafika mstari wa tatu, akasimama. Akarudi nyuma akaingia tena kwa kasi zaidi, kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akasimama pale pale. Akatabasamu. "Basi. Itie nukta na yenyewe, Nirapada. Imefanya kazi sana."

Minati alisogeza sahani. Nirapada alichovya kidole gumba.

"Mikono yangu haitetemeki, dada," alisema.

Sauti ilitoka kavu, kubwa kuliko duka lenyewe, na wote watatu wakamtazama. Maneno mengine yote aliyoyapanga yalikuwa nyuma ya hayo, yanasubiri. Alinyoosha mkono juu ya diski ili waone. Alitaka waone tu kwanza, kisha aseme.

Mkono ulikuwa unatetemeka. Ulianzia begani ukashuka mpaka kidoleni, na kadiri alivyoukaza ndivyo ulivyozidi, mpaka bangili za Minati zikalia alipoushikilia kwa chini ili kumsaidia. Tone la sinduri lilidondoka kwenye kitambaa, kando ya diski, halafu jingine.

Shefali aligeuka dirishani kwa adabu, akawa anatazama tiara.